Watoto wa rashi na kitabu cha ubatizo

Mwalimu akimuuliza mtoto wa Rwamgasa kwao ni wapi, mara nyingi mtoto hutaja mahali ambako hajawahi kukanyaga. Atasema Kwimba, Kasulu, Muleba au Tarime, kwa kuwa ndivyo anavyomsikia baba akisema jioni akiwa na wenzake. Mama naye akiulizwa atataja wilaya nyingine kabisa. Rwamgasa, alikozaliwa, akaanza kutembea na kung'oka meno ya utoto, inabaki kuwa mahali pa kukaa tu mpaka mambo yanyooke.

Mji wenyewe upo kusini magharibi mwa Geita mjini, na hata jina lake linaonyesha watu waliokutana njiani. Kwenye karatasi utalikuta Rwamgasa, pengine Lwamgasa, na wataalamu wa kigeni waliokuja kupima zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliandika Rwamagasa. Msukuma hutamka L. Mzinza, ambaye Geita ni sehemu ya nchi yake ya asili, ana R yake. Mzazi anayeona hili ni jambo la kuchekesha angoje siku cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kitakapoandikwa kwa L na cha kumaliza shule kwa R.

Rashi huanza kwa habari. Mtu kaokota jiwe lenye dhahabu shambani kwa mtu, na kabla ya wiki kuisha maturubai yamesimama, mama ntilie wamewasha moto, bodaboda wamepata kijiwe na wenye mitaji wameanza kugawana maduara. Shule hakuna. Zahanati hakuna. Polisi wanafika siku kukiwa na ugomvi. Katika vurugu hiyo, Jumapili ya kwanza au ya pili, watu wachache hukutana chini ya mti na kusali.

Anayeongoza sala hiyo kwa kawaida si padre wala mchungaji. Ni mchimbaji aliyekuwa katekista au mwinjilisti huko alikotoka, au mama muuza chapati aliyekuja na kitabu cha nyimbo kwenye mzigo wake. Baada ya miezi kadhaa mwenye shamba anawapa kipande cha ardhi, wanasimamisha banda kwa miti ileile inayokatwa kwa ajili ya matimba ya kushikilia kuta za duara, wanatupia turubai juu, na hilo ndilo kanisa la kwanza. Waislamu nao wamekwisha tandika mikeka yao upande wa pili wa njia. Wakatoliki wakiongezeka, parokia ya karibu inalitambua banda kuwa kigango na padre anaanza kuja, pengine mara moja kwa mwezi. Kwa Kanisa la AIC na makanisa ya Kipentekoste mambo huenda kwa utaratibu wao, lakini mwanzo ni uleule wa mti, turubai na mtu mmoja asiyeona haya kuanzisha wimbo.

Kazi ya kwanza ya kundi hilo, kabla hata ya ubatizo au ndoa, mara nyingi ni msiba. Duara limebomoka, kijana kafa, na wenzake wanamjua kwa jina la utani tu. Simu yake imefungwa kwa namba ya siri. Hapo ndipo watu wa kanisa huanza kuuliza: nani aliwahi kusali naye, alikuwa wa kanisa gani, alitaja kijiji gani. Michango inapitishwa kwa ajili ya gari la kusafirisha mwili. Nauli isipotosha, au kwao kusipojulikana, kijana anazikwa palepale. Na mji ukishakuwa na makaburi, watu huanza kuuzungumzia kwa namna nyingine.

Ukanda huu wa ziwa umewahi kupitia hayo kabla ya dhahabu. Novemba 1882 mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, waliondoka Buganda baada ya kuona hali imekuwa mbaya kwenye ikulu ya Kabaka Mutesa. Kiongozi wao alikuwa Padre Léon Livinhac. Hawakuondoka peke yao. Walikuwa na watoto na vijana waliowakomboa utumwani, na kwenye mitumbwi waliwapakia pamoja na mizigo yao wakavuka ziwa kuelekea kusini. Mwanzoni mwa 1883 walianzisha makazi Kamoga, Bukumbi, katika eneo ambalo leo lipo wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza. Huo ndio mwanzo wa Kanisa Katoliki Usukumani.

Mtu akisoma habari hiyo kwa haraka ataona mapadre, ramani na tarehe. Mzazi asome tena. Waumini wa kwanza wa Bukumbi kwa sehemu kubwa walikuwa watoto wasio na wazazi, walioletwa ng'ambo ya ziwa, wasiojua lugha ya wenyeji, wakilelewa na wageni ambao nao walikuwa mbali na kwao. Watoto hao walifundishwa kusoma, kulima, kujenga na kusali kwa pamoja. Walipokua walioana na kupewa mahali pa kujenga nyumba karibu na misheni. Nani alimpa nani baraka ya ndoa, mahari ilitolewa kwa nani, shangazi wa bibi harusi alikuwa nani? Kanisa lilibeba nafasi zote hizo kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Si kila mtu aliusifu utaratibu huo, hata enzi hizo. Kumkomboa mtoto maana yake ilikuwa kumlipa aliyemshika, na wapo waliosema kwamba fedha hiyo ilikuwa inaendelea kuchochea biashara yenyewe. Tena mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama anataka kwenda Bukumbi au kurudi kwa mama yake. Ni vema hilo likasemwa. Lakini mtoto ambaye mama yake hajulikani aliko alihitaji kula siku hiyohiyo, na wakosoaji wengi walikuwa mbali.

Mapadre walirudi Buganda mwaka 1885, Mutesa akiwa amekwisha fariki na mwanawe Mwanga akitawala. Bukumbi haikufungwa, na mwaka 1888, baada ya Mwanga kupinduliwa na wamisionari kufukuzwa kwa mara nyingine, ikawa tena mahali pa kukimbilia. Miongoni mwa waliopata hifadhi hapo alikuwa Mwanga mwenyewe. Ni yule yule ambaye miaka miwili nyuma aliamuru kuuawa kwa vijana wanaokumbukwa leo kama Mashahidi wa Uganda. Akafika kusini mwa ziwa akiwa mkimbizi, na wenzao wa waliouawa wakampa pa kulala. Watoto wanaofundishwa habari za Namugongo kila Juni 3 ni nadra kusimuliwa kipande hiki, ingawa kimetokea kwenye nchi yao.

Leo Bukumbi kuna parokia, hospitali na shule, na watu wanaoishi kuzunguka hapo hawajioni kuwa wageni wa mtu.

Upande wa Waprotestanti kuna mfano ulioishia vingine. Alexander Mackay wa shirika la CMS, Mskoti fundi wa mashine, alifukuzwa Buganda mwaka 1887 akaweka makazi Usambiro, kusini mwa ziwa. Alikuwa na mtambo wa kuchapa, vyuma, mbao na mpango wa kuunda chombo cha kusafiria ziwani. Askofu Henry Parker alifia hapo Machi 1888. Stanley alipopita mwaka 1889 akirudi na Emin Pasha kuelekea pwani alimkuta Mackay bado anafanya kazi, akapumzika kwake. Februari 8, 1890 Mackay naye alifariki kwa malaria, akiwa hajafika miaka 41. Makazi yale hayakudumu. Mwaka 1927 mabaki yake yalifukuliwa na kupelekwa Namirembe, Kampala, na Usambiro ikapoteza hata kaburi lake lililokuwa likijulikana zaidi.

Kwa nini Bukumbi ilibaki na Usambiro ikatoweka? Sababu ni nyingi, na za fedha na siasa zimo. Lakini tofauti moja iko wazi: Bukumbi ilikuwa na watoto waliokua na kuzaa, Usambiro ilikuwa karakana ya watu wazima waliokuwa wakingoja njia ya Buganda ifunguke. Anayeijua miji ya rashi ataitambua tofauti hiyo bila kuelezwa. Kambi ya wanaume watupu huondoka kwa siku moja. Ikishakuwa na wanawake waliojifungua hapo, kuondoka kunakuwa kugumu.

CMS walikuwa na kituo kingine Nassa, kwenye ghuba ya Speke, kilichoanza mwaka 1888. Mwaka 1909 walikiacha mikononi mwa wamisionari wa Africa Inland Mission, na kutoka hapo likakua Kanisa la AIC ambalo leo limeenea karibu kila senta ya Mwanza, Geita, Simiyu na Shinyanga. Kanisa lilibadili wenyewe huku waumini wakiwa wamekaa palepale. Ndiyo maana mzee wa ukoo fulani anaweza kusema babu yake alikuwa Mwanglikana na baba yake AIC, na hakuna aliyehama hata nyumba.

Geita yenyewe ilikuwa na hadithi yake ya kampuni. Wajerumani waliona dalili za dhahabu huku mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa ulikuja miaka ya 1930, chini ya Waingereza, ukaendelea hadi 1966. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya dhahabu Tanganyika. Ulipofungwa, mitambo ilinyamaza na mishahara ikakoma, huku wafanyakazi wengi wakiwa wamekwisha jenga na kuzaa. Umri wa kurudi kwao umepita, mashamba ya kule yamegawanywa kwa ndugu.

Jambo moja kuhusu tarehe za Geita linafaa kuangaliwa. Jimbo Katoliki la Geita lilianzishwa mwaka 1984, likimegwa kutoka Mwanza, na askofu wake wa kwanza alikuwa Aloysius Balina, ambaye baadaye alihamishiwa Shinyanga. Wakati huo mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa kwa miaka 18, na mgodi mkubwa wa sasa ulikuja kufunguliwa mwaka 2000. Mkoa wa Geita ulizaliwa 2012. Kwa hiyo Geita ilipata askofu miaka 28 kabla ya kupata mkuu wa mkoa, tena katika kipindi ambacho hapakuwa na kampuni yoyote kubwa ya kuuinua mji. Wanaopenda kusema kila kitu Geita kimeletwa na dhahabu wanasahau kipindi hicho, ambapo waliokuwa wanajenga madarasa na kuimba kwaya walikuwa wakulima wa pamba na mihogo.

Wachimbaji wadogo nao walikuwa njiani. Sheria ya Madini ya 1979 iliwapa wananchi nafasi ya kuchimba kwenye maeneo yaliyotengwa, na mwaka 1990 Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu yao. Hapo ndipo vijiji vya wakulima viligeuka senta kwa msimu mmoja. Nyingine zilifutika haraka vilevile. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, kupisha kampuni, na pamoja na maduara walipoteza maduka, vibanda na mahali pa ibada. Rwamgasa imebaki. Ina makarasha yanayosaga usiku na mchana, ina mialo, ina wauza marudio, na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga hapo kituo cha mfano cha kuwafundisha wachimbaji kuchenjua dhahabu bila zebaki.

Na makanisa sasa ni mengi. Kila dhehebu lina spika zake, na Jumapili asubuhi mama mwenye mtoto mchanga halali. Lakini lile la kwanza huwa na kitu ambacho mengine hayana, nacho ni kumbukumbu ya nani alikuwepo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuweka nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani familia chache za jirani zinazosali nyumba kwa nyumba. Uamuzi huo uliufaa mji wa rashi kuliko pengine ulivyodhaniwa. Katika mtaa ambao hakuna shangazi wala mjomba, jumuiya ndiyo inayojua nani kajifungua juzi, mtoto wa nani haendi shule na mume wa nani ameondoka kufuata rashi mpya Chunya bila kuacha hela ya chumvi.

Mume wa namna hiyo ni tatizo la zamani huku. Anaondoka kwa ahadi ya wiki mbili. Mwezi wa tatu mama anaanza kubeba mawe au kutwanga ili watoto wale, na mtoto wa kwanza, mwenye miaka 11 au 12, anamfuata mwaloni siku za Jumamosi, kisha Ijumaa pia, kisha shule inaisha yenyewe. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu ya Tanzania, na Geita ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa. Lilieleza watoto wanaoingia mashimoni, wanaobeba mizigo na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na mgodi umetajwa.

Kanisa la kwanza la mji wa rashi halina mikono misafi katika hili. Sadaka kubwa hutoka kwa mwenye duara na mwenye karasha. Mabati yametoka kwake, saruji imetoka kwake, na siku ya harambee anaketi mbele. Ni kiongozi gani wa kigango atakayesimama kumwambia kwamba watoto watatu wanaofanya kazi kwake walipaswa kuwa darasa la 5? Wapo wanaofanya hivyo, na wengine huhama kituo mapema. Wengi huhubiri habari ya ulevi, ambayo haimuudhi mfadhili yeyote.

Kuhusu zebaki, wazazi wengi wanajua kuwa ni sumu, lakini wanadhani hatari iko kwenye kuishika. Hatari kubwa iko kwenye moshi. Kuchoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki kwenye jiko la nyumbani, usiku, mlango umefungwa ili majirani wasione, ni kumvutisha mvuke huo mtoto aliyelala pembeni. Mvuke hauna rangi ya kumtisha mtu, na huathiri ubongo na figo. Mama mjamzito asiwe karibu kabisa. Jiko la kuchomea likae nje, mbali na chakula, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na nepi.

Lipo jambo zito zaidi ambalo makanisa ya ukanda huu yalilazimika kulikabili, nalo ni mganga. Kanisa lilipofika kwenye rashi, mganga wa ramli alikuwa amekwisha fika, na wateja wake walikuwa haohao wanaoketi kwenye mabenchi Jumapili. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Mwanza, Geita na Shinyanga ziliingia kwenye habari za dunia kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na uongo kwamba viungo vyao huleta mali, ikiwemo dhahabu na samaki. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Mwezi uliofuata, wilayani Chato mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alinyakuliwa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Mama alijeruhiwa akimtetea. Shinyanga, kituo cha Buhangija kilipokea watoto wengi waliopelekwa na familia zao au na serikali ili wasiuawe. Baadhi waliishi humo miaka, wakikua bila kulala nyumba moja na ndugu zao.

Mzazi wa Rwamgasa asiwaze kwamba mtoto wake hajui habari hizo. Watoto husikia kila kitu kijiweni. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia wazi kwamba ule ulikuwa uuaji, kwamba aliyetaka utajiri wa duara kwa njia hiyo ni muuaji, na kwamba mwanafunzi mwenzake mwenye ualbino ni mtoto anayehitaji kofia, mafuta ya kujikinga na jua na kiti cha mbele karibu na ubao.

Siku za mgodi kuporomoka ndizo zinazokusanya mji mzima bila kuuliza dhehebu. Januari 2017 watu 15 walifukiwa mgodini Nyarugusu, si mbali na Rwamgasa, wakatolewa hai wote baada ya siku tatu. Mwishoni mwa 2015, Nyangarata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati wengi walikwisha kata tamaa. Watu waliokuwa juu, wake kwa waume, walisubiri pale kwenye mdomo wa shimo, na waliosali walisali. Kwa watoto wa eneo hilo hizo ndizo hadithi za miujiza za kwao, na zina tarehe.

Februari 2023 Geita mjini ilipata mtihani wa aina nyingine. Kijana mmoja aliingia usiku katika kanisa kuu la jimbo na kuvunja misalaba, sanamu na vitu vya ibada. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa hilo kwa siku 20, likafunguliwa tena Machi. Waumini walisali kwingine. Wazazi walipata kazi ya kuwaeleza watoto kwa nini milango imefungwa, na wengine waligundua kwa mara ya kwanza kuwa watoto wao wanaliita lile jengo "kanisa letu", ingawa wao wenyewe huwa wanasema kanisa lao liko kule walikozaliwa.

Sasa suala la makaratasi, ambalo ndilo huwarudisha watu wengi kwenye kanisa la kwanza hata kama walikwisha hamia dhehebu jingine. Mtoto aliyezaliwa rashi huenda alizaliwa kwenye banda, kwa mkunga wa jirani. Kadi ya kliniki iliungua na nyumba ya nyasi, au ilibaki kwa mke wa zamani. Akifika kidato cha 4, au akiomba mkopo wa chuo, au kitambulisho cha Taifa, anatakiwa cheti cha kuzaliwa. RITA, wakala wa usajili ulioanzishwa mwaka 2006, huandikisha pia waliochelewa, na miongoni mwa vielelezo unavyoweza kupeleka ni cheti cha ubatizo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 njia ni nyepesi zaidi: mpango wa usajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata humpatia cheti bila malipo, na mzazi asingoje mpaka mtoto afike darasa la 7 ndipo akumbuke.

Wanaofuata cheti cha ubatizo hupoteza siku nyingi kwa kosa moja. Huenda kigangoni walikobatizia, wakaambiwa hakuna kitabu, wakarudi nyumbani wakilaumu kanisa. Kitabu cha ubatizo hakikai kigangoni. Kinakaa parokiani, na ni parokia iliyokuwa inahudumia kigango hicho mwaka ule, si lazima iwe ya sasa. Vigango vingi vya miji ya dhahabu vimehama parokia, na vingine vimekuwa parokia vyenyewe. Aliyebatizwa mwaka 1995 kwenye banda la turubai huenda jina lake limo kwenye kabati la parokia iliyo mbali na hapo. Waliobatizwa kabla ya 1984 walibatizwa chini ya Jimbo la Mwanza. Kwa AIC na makanisa yanayobatiza watu wazima, mtoto hubarikiwa tu, kwa hiyo mzazi aulizie kadi au daftari la kubariki watoto kwa mchungaji.

Kabla ya kupanda gari, mzee au mama aliyekuwepo miaka ile aulizwe mambo manne: padre gani alikuwa anakuja, alikuwa anatokea wapi, ilikuwa sikukuu gani, na msimamizi wa ubatizo alikuwa nani. Jina la msimamizi huandikwa kitabuni, na mara nyingi ndilo linalookoa pale jina la mtoto lilipoandikwa vibaya. Wazee hao wanapungua. Wengine wamekwisha rudi kwao na hawana simu.

Kitabu kikifunguliwa, mstari wa mtoto una jina, tarehe, wazazi, msimamizi na padre aliyebatiza. Pembeni huachwa nafasi. Humo huandikwa kipaimara, na siku akifunga ndoa, hata iwe Dar es Salaam au Mtwara, parokia ya huko inatakiwa kutuma taarifa ili iandikwe kwenye mstari uleule. Ndiyo sababu karani wa parokia, akimtafutia mtu cheti, huanza kwa kusoma pembeni kabla hajasoma jina.